Siku Utakayosema "Hili Siliwezi"

Mzee mmoja aliletwa kwangu na mwanawe akichechemea, kidole gumba cha mguu wa kushoto kimefungwa kitambaa. Alijikwaa kwenye kizingiti cha jiko, na hiyo ilikuwa wiki ya tatu kidonda hakifungi. Nilikitazama, nikakinusa, nikaona ni kidonda kama vingine nilivyokwisha kuvikausha kwa asali na utomvu wa mshubiri. Nikamfunga. Akarudi baada ya siku tatu, nikamfunga tena. Wiki sita tulikwenda hivyo, mimi nikibadilisha dawa na mguu ukibadilisha rangi. Sikumwuliza kama ana kisukari. Sikumwuliza huamka mara ngapi usiku kwenda haja ndogo, wala kama unyayo wake bado unahisi moto na baridi. Alipofikishwa hospitali walimkata chini ya goti.

Asali haikuwa na kosa. Asali husafisha kidonda, na wapo wauguzi wanaoitumia wodini hadi leo. Kosa lilikuwa langu: sikujua ninachokitibu, na niliona haya kusema sijui. Mwanawe alikuwa amesimama pale mlangoni akinitazama kwa imani, nami nikaichukua ile imani kama malipo. Makala haya nawaandikia wenzangu wa mitishamba, wa chuku, wa mafuta na wa maombi ya kisomo, hasa vijana ambao ndiyo kwanza wanafungua chumba na kubandika bango nje. Mengi nitakayoyasema yanatokana na neno moja ambalo sikulitamka siku ile.

Nianze na mtoto mwenye degedege, kwa sababu hapo ndipo neno hilo linapookoa au kuua ndani ya saa chache.

Sisi wa pwani tumekua tukisikia kwamba degedege ni kazi ya shetani anayepita usiku kwa umbo la ndege, na kivuli chake kikimwangukia mtoto, mtoto hukakamaa, macho yakapinduka, povu likamtoka. Tumesikia pia kwamba mtoto wa namna hiyo akichomwa sindano atakufa. Watafiti waliozunguka Bagamoyo miaka ya 1990, na baadaye Kilosa na Handeni, waliyakuta maneno hayohayo kwa wazazi na kwa waganga. Walichokiona wao ni malaria iliyokwisha kupanda kichwani. Na hiyo habari ya sindano kuua ina mzizi wake. Mtoto huzungushwa siku mbili kwa mganga huyu na yule, hufikishwa hospitali akiwa amebakiza pumzi chache, huchomwa sindano, hufariki. Watu hurudi kijijini na ushahidi mkononi, na mtoto wa nyumba ya pili naye hucheleweshwa kwa ushahidi huo.

Basi ukiletewa mtoto wa degedege, mlaze ubavu, usimtie kijiko wala kitambaa mdomoni, usimnyweshe kitu chochote, hata maji ya zamzam, maana hawezi kumeza na yataingia kwenye mapafu. Tafuta bodaboda wakati mama bado anakusimulia. Kama bibi wa nyumba ile anasisitiza mtoto afukizwe, mwambie atafukizwa akisharudi. Nimefanya hivyo mara nyingi na sijapata kugombana na bibi yeyote, kwa kuwa sikumwambia mila yake ni upuuzi. Nilimwambia tu lipi litangulie.

Na ukikutana na mtu anayeidharau sindano kwa kuwa ni "ya kizungu", mpe habari hii. Dawa iliyomo ndani ya sindano ya malaria kali, artesunate, ilianzia kwenye jani. Mtaalamu wa China, Tu Youyou, aliifikia kwa kuyasoma maandiko ya waganga wa kale wa nchi yake, na mwaka 2015 akapewa Tuzo ya Nobel. Mtishamba ulikwenda ukapimwa, ukakadiriwa, ukarudi kwenye kichupa. Lakini habari hiyo isikufanye uanze kuchemsha majani ya artemisia na kuyauza kama tiba ya malaria. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono jambo hilo, na sababu yake inaeleweka hata kwa mtu asiyekwenda shule: kiasi cha dawa kwenye jani hubadilika kwa shamba na kwa msimu, na kiasi kidogo kisichoua vimelea huvifundisha kuizoea dawa.

Mjamzito sina maneno mengi juu yake. Anayetokwa na damu, anayevimba uso, anayeumwa kichwa na kuona ukungu, apelekwe. Na zile dawa za kuongeza uchungu, ziondoe kwenye rafu leo. Hatuna kipimo chake, na mji wa mimba ukichanika hakuna mganga anayeushona.

Wengi wetu tunaogopa kwamba tukisema "siliwezi" mara tatu kwa wiki, wateja watahama. Mimi nimeona kinyume chake, ingawa sikukiona mwaka wa kwanza. Anayeambiwa ukweli kuhusu uvimbe wa titi anarudi baadaye na mjukuu mwenye kikohozi cha mafua. Ila kikohozi chenyewe nacho hukihesabia siku: kikitimiza wiki mbili, namwelekeza akapimwe makohozi kwanza, ndipo tuzungumze habari ya tangawizi na mkaratusi. Kifua kikuu hakitofautishwi na kifua cha kawaida kwa kushika mkono.

Ahadi ni jambo la pili linalotuangusha. Mwaka 2011 nchi nzima ilihamia Loliondo, kijiji cha Samunge, kwa mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile, aliyefariki mwaka 2021. Wakubwa na wadogo walipanga foleni ya magari porini wakingoja kikombe cha maji ya mugariga. Mimi humtetea yule mzee kwenye jambo moja: alitoza shilingi 500, tajiri na maskini, na hakupandisha bei hata watu walipofurika. Ni waganga wangapi kati yetu tungeweza? Lakini kikombe kile kilisemwa kuwa kinaponya kisukari, saratani, pumu, presha na UKIMWI kwa pamoja, na wako wagonjwa waliotoka pale wakaacha ARV. Wengine walitolewa vitandani hospitali wakafia njiani. Bei nzuri haikuweza kuibeba ahadi kubwa kiasi hicho.

Kwa hiyo futa neno "yote" kwenye bango lako. Dawa inayotibu magonjwa 40 haijatibu hata mmoja ukauona kwa macho yako. Andika unachokijua: choo kigumu, gesi tumboni, fangasi za ngozi, maumivu ya viungo, kukosa usingizi. Hayo yanatosha kumlisha mtu na watoto wake. Wala usimwambie mgonjwa yeyote aache dawa za hospitali ili "zako zifanye kazi". Dawa ya kifua kikuu inamezwa miezi sita bila kuruka. Dawa ya presha ikiachwa ghafla haimngoji mtu amalize chupa yako. Kama mitishamba yako haiwezi kukaa mwilini pamoja na vidonge vyake, basi umeshalipata jibu la nani asitumie mitishamba yako.

Na kuna mitishamba inayogongana kweli na vidonge. Vidonge vya kitunguu saumu vilipimwa vikaonekana kupunguza nguvu ya saquinavir, mojawapo ya dawa za mwanzo za VVU. Karela hushusha sukari. Mwenye kuchoma insulini akinywa maji yake kila asubuhi anaweza kuzirai sokoni. Mtu anayemeza dawa ya kuzuia damu isigande hana haja ya kuongezewa mzigo wa saumu na tangawizi kavu. Ndiyo maana siku hizi mgonjwa hafiki kwenye mkeka wangu kabla sijamwambia afungue mfuko na anioneshe vidonge vyake vyote. Wanawake huniuliza, "Babu, kwani wewe unajua kusoma hivyo?" Najua kiasi. Nisichokijua nampigia simu mfamasia wa mjini, naye amezoea.

Nunua daftari. Andika jina, umri, mtaa, anaumwa nini na tangu lini, ana mimba au ananyonyesha, anatumia nini kingine, umempa nini na kiasi gani, arudi lini. Chupa nayo iandikwe jina la dawa, tarehe uliyoitengeneza na namna ya kunywa. "Kunywa nusu kikombe" si kipimo. Kikombe cha nani? Kikombe cha kahawa cha Tanga na kikombe cha chai cha Arusha si ndugu. Mimi hutoa kijiko cha plastiki bure pamoja na chupa. Mizizi usiihifadhi kwenye gunia lililoegemezwa ukutani masika, kwa kuwa kuvu huingia ndani kabla hujaiona nje, na dawa yenye kuvu ni sumu unayoiuza kwa bei ya dawa.

Sasa niseme jambo ambalo tukikaa wenyewe tunalisema kwa kuzunguka. Wapo kati yetu wanaosaga vidonge vya dukani na kuvichanganya na unga wa mizizi. Dawa ya nguvu za kiume "iliyofanya kazi dakika 30" mara nyingi imetiwa sildenafil, na mzee mwenye ugonjwa wa moyo anayemeza dawa za kupanua mishipa anaweza kushuka presha na asiamke. Dawa ya pumu na viungo inayompa mtu nafuu usiku huohuo huenda ina dexamethasone. Mgonjwa hunenepa uso, husifu mganga, kisha sukari yake hupanda na mifupa yake hulegea. Huyo si mganga wa asili. Ni muuza duka la dawa asiye na leseni, na anatuchafulia jina sisi sote. Ukimjua, usimlinde kwa sababu mlirithi mkoba kwa mzee mmoja.

Kwenye chale na chuku sheria ni fupi: wembe mmoja kwa mtu mmoja, ufunguliwe mbele yake, utupwe mbele yake kwenye kopo gumu lenye mfuniko. Homa ya ini na VVU havijui kwamba mkono wako una baraka. Wanaofanya hijama wanunue vikombe vya kutumia mara moja na glavu, na wasimpige chuku mwenye upungufu wa damu kwa sababu tu amelipa.

Wanawake. Nimekaa kwenye vikao vya wazee vilivyosuluhisha mambo ya aibu, na karibu yote yalianza kwa mlango uliofungwa. Mwanamke asiingie peke yake kwa mganga mwanamume. Aje na dada, wifi au mama, la sivyo uwe na msaidizi mwanamke anayeketi humo ndani tangu mwanzo hadi mwisho. Hakuna dawa inayopakwa na mkono wako mahali ambapo mkono wake unafika. Na hakuna dawa duniani inayoingia kwa mganga kulala na mgonjwa. Anayesema "mizimu imeagiza" anastahili polisi, wala kikao cha wazee hakitoshi. Binti mdogo ndiyo kabisa.

Siri ya mgonjwa tulikuwa tukiitunza vizuri zaidi zamani. Bibi yangu, aliyenirithisha mkoba huko Muheza, alizikwa na siri za nusu ya kijiji. Leo mganga anamrekodi mama wa watu kwa simu, uso wazi, akisimulia alivyokosa mtoto miaka saba, na kabla ya magharibi video iko kwenye makundi ya WhatsApp. Huo "ushuhuda" mgonjwa anautoa akiwa na shukrani au akiwa na hofu kwamba akikataa dawa itageuka. Ridhaa ya namna hiyo haina thamani. Usimrekodi.

Juu ya fedha, nirudi kwa bibi yangu tena. Mwanzo alipokea ubani tu, kitu kidogo cha kufungulia mkoba. Ada yenyewe ililetwa mgonjwa akishapona: kuku, kanga, debe la mpunga. Ujanani niliiona hesabu hiyo ni ya kijinga. Sasa naona hakuna sheria iliyokuwa kali kama ile, kwa kuwa hasara ya dawa kushindwa ilimwangukia mganga. Siwezi kuwaambia muirudie yote. Pango la chumba lipo, nauli ya kufuata mizizi Handeni ipo. Lakini unaweza kuandika bei ukutani ili anayekuja na gari na anayekuja kwa miguu waione ileile. Unaweza kutaja tangu siku ya kwanza ni siku ngapi utajaribu, na zikipita bila nafuu usitoze mara ya pili. Mpe barua aende mbele. Ukijikuta unadai mbuzi mweusi wiki hii na mwekundu wiki ijayo, jua umeshaacha uganga umeingia kwenye biashara ya mifugo.

Ramli chonganishi siiiti tiba. Kanda ya Ziwa ajuza wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, macho yaliyofanywa mekundu na moshi wa kuni na vinyesi vya ng'ombe wanavyopikia maisha yao yote. Ndugu zetu wenye ualbino wamekatwa viungo kwa sababu mtu aliyejiita mganga alimwambia mtu mwenye tamaa kwamba utajiri upo humo. Januari 2015 serikali ilipiga marufuku waganga wa ramli, na tangu mwaka 1928 ipo Sheria ya Uchawi inayomtia hatiani anayemtaja mwenzake kuwa mchawi. Lakini hata sheria isingekuwepo: mtu akija na tumbo linalouma ukampa jina la shangazi yake, umemtibu nini? Umeongeza mgonjwa wa pili. Anayetaka kujua nani kamloga, mwambie hilo huliwezi, na safari hii liseme kwa sauti.

Majina makubwa nayo tuyapunguze. "Dokta" ni cheo cha mtu aliyesomea, na koti jeupe na kipima mapigo shingoni ni uongo usiotamkwa. Tabibu ni jina zuri. Mganga ni jina zuri vilevile, tukiacha kulichafua. Na ile mashine ndogo ambayo mgonjwa hushikishwa fimbo ya chuma dakika moja, kisha kompyuta ikatoa kurasa za hali ya ini, figo, macho na homoni: angalieni inavyoanza. Inauliza kwanza umri, jinsia, urefu na uzito. Mpime mtu yuleyule mara mbili, mara ya pili uidanganye umri wake kwa miaka 30, ulinganishe karatasi. Aliyeinunua kwa mkopo atanikasirikia, lakini wagonjwa wanauziwa dawa za laki mbili kwa karatasi ile.

Sheria Na. 23 ya mwaka 2002 ndiyo iliyolianzisha Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala hapa Tanzania Bara. Wengi wanalikimbia wakidhani ni mtego wa kodi. Nenda kwa mratibu wa tiba asili wa halmashauri yako, ukianza na barua ya serikali ya mtaa au kijiji inayokujua. Dawa unayotaka kuiuza ikiwa imefungashwa ipelekwe kupimwa usalama wake na Mkemia Mkuu wa Serikali kabla haijaenda kusajiliwa, na tangazo la redioni lingoje kibali. Faida yake niliiona siku mtoto wa jirani alipokunywa dawa ya mtu mwingine akaugua na polisi wakazunguka mtaa mzima. Waliokuwa na cheti na daftari waliulizwa maswali wakarudi nyumbani. Wengine walilala ndani.

Bado miti. Wazee walitufundisha tuchimbe mzizi upande wa mawio na upande wa machweo, na vijana wanaifanya hiyo kama dua tu bila kujiuliza. Mti uliochimbwa pande mbili unabakiwa na mizizi mingine ya kuishi. Mti uliozungushiwa panga gome lote hukauka. Ule ambao gome lake limesafirishwa sana Ulaya kwa ajili ya tezi dume, Prunus africana, umekuwa chini ya udhibiti wa biashara ya kimataifa tangu 1995 kwa sababu watu waliuvua nguo nzima. Ukitoa gome, toa ukanda mmoja wa wima, na panda mche mmoja nyumbani kwa kila mti unaoutegemea. Kwa mwarobaini na mlonge huna udhuru. Hata kwenye ua wa futi kumi hukua.

Yule mzee wa mguu yu hai. Hunipitia Ijumaa akitoka msikitini kwa magongo yake, hununua tangawizi, na hajawahi kunilaumu, jambo ambalo ni zito kuliko lawama. Kliniki yake ya kisukari iko mwendo wa dakika 15 kutoka chumbani kwangu. Ilikuwepo hapohapo wiki zote sita.

Mwenzangu, kama huna namba ya simu ya mganga mfawidhi wa zahanati iliyo karibu nawe, nenda kaiombe wiki hii. Jitambulishe, mwoneshe daftari lako, mwambie utamletea watu. Kisha iandike namba hiyo ukutani kwa maandishi makubwa, mahali mgonjwa anapoweza kuisoma bila kukuuliza.